Dakika Saba za Mwalimu wa Muziki

Walimu wa Mbeya, Iringa na Njombe wanaohudhuria vikao vya Jumuiya za Ujifunzaji, chini ya Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA), wanafahamu jinsi saa moja inavyoyoyoma kabla mada ya pili haijaguswa. Mwalimu wa muziki ana tatizo la ziada, kwani mara nyingi yuko peke yake shuleni, na siku anapopewa nafasi ya kutoa mada wasikilizaji wake ni walimu wa Hisabati, Kiswahili na Jiografia. Ushauri ninaowapa walimu wanaofika chuoni kwetu ni kuomba dakika saba tu, na kati ya hizo, zisizopungua nne ziwe za sauti.

Mtindo wa mawasilisho mafupi unaojulikana zaidi ni PechaKucha, ulioanzishwa Tokyo mwaka 2003 na wasanifu majengo Astrid Klein na Mark Dytham. Mzungumzaji huonyesha picha 20, kila moja kwa sekunde 20, hivyo humaliza kwa dakika 6 na sekunde 40. Nidhamu hiyo ya muda inafaa kuigwa, lakini picha tuwaachie wasanifu majengo, kwa sababu sekunde 20 hazitoshi kuimba mstari mmoja, kuusahihisha na kuuimba tena. Isitoshe, umeme ukikatika projekta huzimika, ilhali makofi hayategemei umeme.

Katika kikao kimoja cha kata huko Mbeya, mwalimu mmoja alianza bila utangulizi wowote. Aliandika ubaoni |d :r |m :– akawaomba wenzake waimbe huku wakipiga makofi manne. Solfa hii, yaani uandishi wa muziki kwa herufi za do, re, mi, ambao wanakwaya wengi wameuzoea, ulitungwa na Sarah Glover wa Uingereza, kisha John Curwen akauboresha na kuueneza katika karne ya 19. Nukta mbili hutenganisha mapigo, na kistari humtaka mwimbaji aendelee kushikilia sauti iliyotangulia. Walimu karibu wote waliikata “mi” kwenye pigo la tatu wakavuta pumzi, na kofi la nne likalia kwenye ukimya. Hapo ndipo aliposema kwamba hilo ndilo kosa la wanafunzi wake wa kidato cha kwanza, na kwamba kwa wiki kadhaa alikuwa akiwakemea bila mafanikio.

Kisha akaonyesha alichobadilisha: penye kistari hakuna kofi, bali kiganja hutelezeshwa hewani polepole mpaka pigo liishe, na sauti hufuata mkono. Waliimba tena, safari hii “mi” ikafika mwisho wake. Dakika zilizobaki hakuzitumia kujisifu. Aliuliza afanye nini na wanafunzi wa nyuma ambao hawauoni mkono wake. Mwalimu wa Hisabati ndiye aliyependekeza kwamba kila mwanafunzi auchore mwendo huo wa kiganja kwa kidole juu ya dawati.

Mada ya namna hiyo hubeba tatizo moja la darasani, na wasikilizaji hulisikia kwa masikio yao kabla ya kuelezwa. Utaratibu huohuo unafaa kwa anayetaka kuzungumzia ligombo, ala ya nyuzi ya Wahehe, au ing'oma ya Wanyakyusa. Asianze na historia ndefu; apige sekunde 40 za sauti aliyoirekodi kwa ridhaa ya mpigaji, amtaje mpigaji huyo ikiwa ameruhusu, ndipo aulize wenzake wamesikia mapigo mangapi. Majibu yatatofautiana, na hiyo tofauti ndiyo mada yenyewe.

Maandalizi yafanyike kwa saa mkononi na kwa kuimba kweli, kwa kuwa anayesoma maandishi yake kimyakimya hudanganyika kuhusu muda. Kikao kinachofuata kianze kwa dakika mbili za mwalimu yuleyule, aeleze kama pendekezo alilopewa lilifanya kazi darasani au lilimshinda.