Upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula: maswali ya kuuliza mapema

Je, upasuaji huu huondoa kitambi?
Hapana, ingawa wengi hudhani hivyo. Kinachopunguzwa ni mfuko wa chakula wenyewe. Katika njia inayotumika sana siku hizi, daktari hupitia matundu madogo tumboni, hukata takriban asilimia 80 ya mfuko na kubakiza kitu kama mrija. Kilichokatwa hakirudishwi. Sehemu hiyo ndiyo hutoa kwa wingi homoni ya njaa iitwayo ghrelini, hivyo hamu ya kula nayo hushuka. Katika njia nyingine, kifuko kidogo cha juu huunganishwa na utumbo mwembamba, na chakula hukwepa sehemu kubwa ya mfuko.

Nani anafaa?
Mwongozo wa kimataifa wa 2022 unapendekeza upasuaji kwa mwenye BMI (kipimo cha uzito kulinganishwa na urefu) ya 35 na kuendelea. Mwenye 30 hadi 34.9 anaweza kufikiriwa, hasa akiwa na kisukari cha aina ya 2.

Hatari zake ni zipi?
Vifo ni vichache, chini ya mtu 1 kati ya 100, lakini zipo hatari za kweli. Inayowanyima madaktari usingizi ni kuvuja kwa mshono. Uchachu wa tumboni hupenya nje na kuchafua tumbo zima, na huenda hilo likatokea mgonjwa akiwa tayari amesharudi nyumbani. Dalili ya mwanzo si lazima iwe maumivu makali. Mara nyingi ni moyo kwenda mbio: ukihesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono yanafika 120 kwa dakika, ingawa umejilaza tu. Ukiona hivyo, au ukipata homa, au pumzi ikikatika, nenda hospitali saa hiyohiyo. Tafadhali usisubiri kliniki ya wiki ijayo. Pumzi kukatika huweza pia kuwa damu iliyoganda mguuni na kusafiri hadi mapafuni. Ndiyo maana wauguzi humsimamisha mgonjwa atembee mapema, hata akilalamika.

Baadaye huweza kuja kiungulia, mawe kwenye kifuko cha nyongo kwa sababu ya kupungua uzito haraka, na nywele kunyonyoka kwa miezi kadhaa.

Natapika kila ninapokula. Ni kawaida?
Kutapika mara moja moja kwa kula haraka hutokea. Kutapika siku hadi siku si kawaida, na wagonjwa wengi huvumilia mno. Njia ya chakula inaweza kuwa imebana, na mwili ukikosa vitamini B1 kwa wiki kadhaa, ubongo huumia: macho kuona vitu viwili viwili, kuyumba, kuchanganyikiwa.

Vitamini ni za muda gani?
Maisha yote, pamoja na vipimo vya damu: madini ya chuma, B12, vitamini D, kalisi. Anayejua hataweza kumeza vitamini kila siku amwambie daktari kabla ya kisu.

Na ujauzito?
Subiri miezi 12 hadi 18. Tumia kinga tangu mwanzo, maana uzito ukipungua uwezo wa kushika mimba huongezeka, na vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifyonzwe vizuri.