Miguel Poveda: kutoka nyimbo za machimboni hadi kumbi kubwa

Mashabiki wakali wa flamenko, muziki wa jadi wa Hispania, hupenda kumuuliza mwimbaji kwao wapi kabla hajafungua kinywa. Ni Jerez au Triana, ngome za flamenko huko Andalusia, kusini mwa Hispania? Ana damu ya Wagitano, yaani Waroma wa Hispania? Mwimbaji Miguel Poveda hakuwa na jibu la kuwaridhisha. Alizaliwa Barcelona mwaka 1973, akakulia Badalona, mji wa jirani uliojaa familia zilizohamia Katalunya, kaskazini mashariki mwa Hispania, kutafuta kazi. Si Mgitano, wala kwao si Andalusia. Nyimbo alizipata kwenye redio ya mama yake, na alipofika miaka 15 akaanza kuimba katika peña, vilabu vya wapenzi wa flamenko.

Jina lake lilitokea La Unión, mji wa machimbo ya madini ya risasi na fedha mkoani Murcia, wenye mashindano ya uimbaji tangu 1961. Tuzo kuu ni Lámpara Minera, taa ya mchimbaji. Poveda aliinyakua 1993 akiwa na miaka 20.

Nyimbo za machimboni, zinazoshindaniwa huko, ni mtihani wa peke yake. Soleá, aina ya wimbo wa flamenko, ina mzunguko wa mapigo 12. Mwimbaji akiyumba, mapigo humrudisha njiani. Taranta, aina mojawapo ya nyimbo za machimboni, haina mapigo ya kuhesabu. Mpiga gitaa huacha nyuzi nyingine wazi, zigongane kwa makusudi na zile alizozibana, kisha husubiri. Mwimbaji huivuta silabi moja juu ya noti nyingi, na ni yeye anayeamua mstari uishe lini. Pumzi ikikatika, ukumbi mzima umesikia. Poveda hapo hushusha sauti mahali ambapo wenzake wengi hupaza. (Ule ukwaruzaji wa kulazimisha, eti ndio uchungu, haujawahi kunigusa.)

Taranta, hata hivyo, haijazi ukumbi wa maelfu. Umati ulimfuata kwa sababu ya copla, nyimbo za visa vya mapenzi zilizotawala redio za Hispania katikati ya karne ya 20. Wengi walizihusisha na enzi ya dikteta Franco, na wana flamenko waliziona za daraja la chini. Poveda alitoa Coplas del querer mwaka 2009, akiwa na mpangaji muziki Joan Albert Amargós na mpiga gitaa Chicuelo. Mwaka huohuo akasikika katika filamu ya Pedro Almodóvar, Los abrazos rotos.

Kwangu mimi, tazama mfuatano wa miaka. Alipoigusa copla kwa albamu nzima, tayari alikuwa na ile taa, alikuwa amerekodi mashairi ya Kikatalani katika Desglaç (2005), na Tuzo ya Taifa ya Muziki ya 2007 ilikuwa mkononi. Nani angemwambia amekimbilia nyimbo rahisi? Mwaka 2012 alirudi kwenye flamenko tupu na ArteSano, akipigiwa gitaa na wakongwe kama Paco de Lucía na Manolo Sanlúcar. Mgeni wa flamenko namshauri aanzie albamu hiyo, copla zije baadaye.