Helmeti kwa Kiwiko, na Ule Usingizi wa Baada ya Kuanguka

Kwa matanga mingi huku kwetu Nyanza na Western utasikia mzee amesimama anasema siku ya huyu kijana ilikuwa imefika, watu wanaitikia kwa kichwa, halafu maiki inapewa mtu mwingine. Mimi ni muuguzi kitengo cha dharura, na siku zangu za mapumziko nazunguka steji za boda hapa Kisumu kufundisha huduma ya kwanza, na sijawahi bishana na mzee kwa matanga, sio adabu. Lakini hapa wacha niseme. Wengi wa hawa vijana tunaozika siku yao haikuwa imefika, ililetwa, na kilichoileta tunakijua vizuri sana.

Juzi tumempoteza mmoja ambaye kwangu alikuwa rafiki kuliko mwanafunzi. Jina sitaandika, mamake bado anapokea wageni. Ndiye alikuwa ananisaidia kubeba vifaa nikienda kufundisha, ananiita dokta hata nikimkataza, anauliza maswali mpaka wengine wanaguna. Jioni moja alitoka Mamboleo akienda upande wa Kibos, giza limeshaingia, akapata tuta halina rangi wala alama yoyote, pikipiki ikaruka na yeye akaangukia kando ya kichwa, hapa juu ya sikio. Helmeti alikuwa nayo. Ilikuwa kwa kiwiko.

Aliamka mwenyewe. Akapanguza suruali, akacheka na waliokuja kumwinua, akauliza kama taa ya mbele imevunjika. Wenzake wakampeleka kwake Manyatta, akameza Panadol akalala. Usiku walimsikia akikoroma sana kuliko kawaida wakasema jamaa leo amechoka. Asubuhi hakuamka.

Sasa watu wengi wakisikia hiyo stori wanaanza kutafuta mchawi, ama wanasema alipewa kitu. Hapana. Mfupa wa kichwa hauna unene mmoja kila mahali. Hapo kando, mbele kidogo ya sikio na juu yake, ni mwembamba, na kwa upande wa ndani umepitiwa na mshipa wa damu unaolala kabisa kwenye mfupa. Mfupa ukipasuka, mshipa unaweza kukatika, damu ikaanza kukusanyika kati ya mfupa na ile ngozi ngumu inayofunika ubongo. Mtu anaweza kuzimia kidogo ama asizimie kabisa, halafu anakuwa sawa, anaongea, anakula, anapiga simu, na hicho kipindi cha kuwa sawa kinaweza kuwa dakika chache ama masaa mengi. Lakini ndani ya fuvu hakuna nafasi ya ziada, kwa hivyo damu ikizidi inasukuma ubongo upande mmoja na chini mpaka zile sehemu zinazoendesha fahamu na pumzi zinafinywa. Mkoromo mzito baada ya kugonga kichwa mara nyingine si uchovu, ni mtu anapoteza fahamu na koo linaziba.

Kinachoniuma ni kwamba aina hii ya damu kichwani ni katika zile ambazo upasuaji ukifanywa mapema mtu anaweza kupona vizuri kabisa, fuvu linafunguliwa, damu inatolewa, mshipa unazibwa. Lakini ni mambo ya masaa, si mambo ya kungoja tuone kesho.

Kwa hivyo mtu akianguka na pikipiki akagonga kichwa, hata akisema yuko fiti, mwangalieni. Maumivu ya kichwa yanayoongezeka badala ya kupungua, kutapika tena na tena, kusinzia sana au kuwa mgumu kuamsha, kuongea vitu havieleweki, mboni ya jicho moja kuwa kubwa kuliko ya lingine, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, degedege, damu au maji kutoka sikioni au puani: ukiona hata moja tu hapo hospitali ni saa hiyo hiyo, usiku huo huo, na muende hospitali kubwa yenye skani ya kichwa kama mnaweza kuifikia. Akiwa alizimia hata kidogo, ama hakumbuki vile ameanguka, msingoje dalili, pelekeni. Na akirudi nyumbani asilale peke yake siku ya kwanza, awe na mtu wa kumwamsha kila baada ya muda amuulize jina lake na yuko wapi. Kulala kwenyewe sio kubaya, kubaya ni kulala bila mtu wa kukuangalia. Asipewe aspirini wala ibuprofen kwa sababu zinaweza kuzidisha kutokwa na damu, na asipewe pombe ya kutoa mshtuko. Kama alikuwa amekunywa kabla ya kuanguka basi ndio hatari zaidi, maana kila dalili mtasema ni pombe.

Wale vijana waliomlaza wamekuja kwangu mmoja mmoja. Kila mmoja na swali lile lile, dokta, si tungejua? Nimewaambia ukweli, kwamba hakuna mtu aliwahi kuwafundisha hiki kitu, na kwa macho ya kawaida mtu anayecheka na kuuliza habari ya taa ya pikipiki yuko mzima. Walimpeleka nyumbani kwa mapenzi. Msiwalaumu tafadhali, hata kwa utani, nimesikia wengine pale steji wakianza.

Turudi kwa helmeti. Utafiti uliokusanywa kutoka nchi nyingi unaonyesha helmeti inapunguza hatari ya kufa kwenye ajali ya pikipiki kwa karibu asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69. Inafanya hivyo kupitia ile foamu ya ndani, inabondeka ndio nguvu ya kugonga isifike yote kwa fuvu. Ndio maana helmeti iliyoanguka kwa ajali moja imekwisha kazi hata kama nje inang'aa, na ile kofia ya mjengo ambayo wengine wanavaa wakiona polisi mbele haisaidii kitu. Na bila kufunga mkanda wa kidevu inatoka kabla kichwa hakijafika chini, nimeletewa majeruhi mara nyingi tu helmeti imebebwa na msamaria kwa mkono, safi kabisa, haina hata mkwaruzo.

Waendeshaji wengine wanasema, ati naenda hapa tu, helmeti ya nini. Rafiki yangu hakuwa kwa spidi, na hiyo ndio sehemu watu hawaamini, kwamba urefu wa mtu aliyekaa kwa pikipiki unatosha kupasua mfupa kichwa kikitangulia kwa lami. Spidi inaongezea tu, na inaongezea vibaya, kwa sababu ukizidisha spidi mara mbili nguvu ya kugonga inakuwa mara nne. Kugonga lori lililosimama ukiwa na kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka juu ya jumba la ghorofa tatu hivi.

Abiria nao wana yao. Inanuka, itaharibu nywele, nitapata fangasi. Sawa, nakubali kuna helmeti zinanuka kweli, lakini tembea na kitambaa chako ama kile kikofia cha nailoni cha kuogea, weka ndani, vaa, funga. Sheria ya trafiki tangu marekebisho ya 2012 inataka pikipiki ya biashara iwe na helmeti mbili na jaketi mbili za kumeremeta, na abiria awe mmoja. Unaponunua helmeti angalia alama ya KEBS, lile shirika la viwango la Kenya. Mwaka wa 2024 barabara za Kenya ziliua watu zaidi ya 4,700, na duniani kwa jumla ajali za barabarani ndizo zinaua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko kitu kingine chochote, sio malaria, sio ukimwi.

Halafu kuna hii ya kusindikiza mwili. Najua ni heshima, na najua nitatukanwa. Mwendesha boda akifa steji yote inaenda mochari, matawi mkononi, honi mwanzo mwisho, wengine wamesimama juu ya kiti, watatu kwa pikipiki moja, karibu wote kichwa wazi, na tunamsindikiza mtu aliyeuliwa na kichwa wazi. Safari hii mwenyekiti wa steji aliniomba niongee kabla ya kutoka. Niliongea kidogo tu, nikasema anayetaka kuwa mbele ya msafara avae na afunge. Karibu nusu walivaa. Wengine walienda vile walivyo na sikuwa na nguvu ya kubishana siku hiyo.

Kwa wale mtakaokuta ajali kabla yetu: zuieni magari kwanza, halafu mwacheni majeruhi alale alivyo kama hakuna hatari ya moto au ya kugongwa tena. Msimbebe mikono na miguu, msimkalishe katikati ya watu wawili kwa pikipiki nyingine, shingo ikiwa imevunjika hapo ndipo mnamalizia. Helmeti msiitoe isipokuwa hapumui ama anatapika na hamwezi kufikia mdomo, na hapo mmoja ashike kichwa na shingo visicheze mwingine ndio avute taratibu. Damu inayotoka kwa mkono au mguu bonyezeni na kitambaa bila kuachilia. Maji msimwagie, msimnyweshe. Badala ya kupiga video piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ama 999 au 112, na usiseme tu tuko Kondele, sema ni juu ya flaiova ama chini, upande wa kuenda Kakamega ama wa kuingia mjini, wangapi wameumia, na yupi anaongea na yupi haongei.