Je, wajua kwa nini aya ya "roho ya woga" haikatazi kuogopa?

"Maana Mungu hakutupa roho ya woga, bali ya nguvu na ya upendo na ya moyo wa kiasi." Hapa Malindi aya hii, 2 Timotheo 1:7, husomewa mgonjwa anayesubiri upasuaji na mtahiniwa asiyepata usingizi. Kwa miaka mingi niliielewa hivi: ukitetemeka, imani yako ina kasoro. Nilikosea, na kosa hilo lina uzito, maana humtwika mwenye hofu mzigo wa pili, wa hatia.

Waraka huu uliandikwa kwa Kigiriki, kwa sauti ya Paulo aliye kifungoni, ingawa wataalamu hawakubaliani kama aliuandika mwenyewe. Hofu kwa Kigiriki ni fobosi. Hapa neno ni deilia, ambalo katika Agano Jipya lote limetumika mara 1 tu, nalo ni woga wa anayekimbia zamu yake. Kama hofu ingekuwa dhambi, Paulo angekuwa wa kwanza kuhukumiwa: katika 1 Wakorintho 2:3 anakiri kwamba alifika Korintho na "hofu na matetemeko mengi". Hapo neno ni fobosi.

Ajabu zaidi iko Marko 4. Dhoruba imewapiga wanafunzi, na Yesu anawauliza, "Mbona mmekuwa waoga?" Neno lake ni la ukoo wa deilia. Bahari imekwisha kutulia, lakini aya ya 41 yasema "wakaingiwa na hofu kuu", yaani fobosi. Woga umekemewa, hofu imekuja, tena kubwa, na hakuna aliyeikemea.

Wavuvi wetu wangeielewa upesi. Msimu wa kusi, nahodha akikaribia mlango wa mwamba na kuona mawimbi yakivunjika, moyo humdunda. Hiyo ni hofu, na asiyekuwa nayo hafai kukabidhiwa chombo. Woga ni kuachia usukani katikati ya mlango. Na "moyo wa kiasi", sofronismosi, neno jingine lililotumika mara 1 tu, ni nahodha yuleyule anayeshusha tanga kubwa akatweka dogo, akangoja wimbi zito lipite. Nguvu peke yake ingepasua chombo mwambani. Upendo humkumbusha mabaharia wake.

Wahubiri humchora Timotheo, aliyeandikiwa waraka huu, kuwa kijana mnyonge. Ushahidi wa woga wake ni haba: hasa aya hii, na 1 Wakorintho 16:10, ambapo Paulo anawaomba Wakorintho wamwache akae kwao bila hofu. Ombi hilo huenda lasema zaidi juu ya ukali wa Wakorintho.

Aya ya 6 ya sura ileile ya 2 Timotheo, ambayo wengi huiruka, yamwambia Timotheo "uichochee karama ya Mungu", na kitenzi cha Kigiriki ni cha kuamsha makaa yawake tena. Siku hizi nikiitwa kwa mgonjwa naanzia hapo, kisha namwambia mikono ikitetemeka aiache itetemeke.