Noti mpya si pesa mpya

Pale soko la Mbuyuni, Moshi, ukirudishiwa chenji ya noti mpya kabisa, hakosekani wa kusema: "Benki Kuu wamechapa pesa, wakubwa wameshagawana." Sivyo. Noti mpya nyingi hushika nafasi ya zilizochakaa, zile za kuungwa kwa selotepu. Pesa mpya, kwa sehemu kubwa, huzaliwa benki ya biashara inapokopesha: mkopo ukiidhinishwa, akaunti ya mteja inasoma milioni kumi, na hakuna noti iliyochapwa.

Ila manung'uniko yenyewe yana msingi. Mkopo hufuata dhamana. Mikopo ikizidi bidhaa zilizopo, bei hupanda, lakini mwenye hati ya kiwanja, aliyekopa mapema, ameshanunua saruji kwa bei ya zamani. Muuza ndizi pesa humfikia bei zikiwa zimeshapanda. Mwanauchumi Richard Cantillon alilieleza hilo, la pesa mpya kumnufaisha anayeipata kwanza, katika kitabu kilichotoka 1755.