Gome likiua vijidudu maabara, si dawa bado

Wengi nchini Uganda huamini kwamba mti wa msituni ukipimwa maabara na kuonekana unaua vijidudu, basi chai ya gome lake inatibu ugonjwa. Imani hiyo haikutoka hewani. Gome la Warburgia ugandensis, lile linalowasha ulimi kama pilipili, lina kemikali iitwayo poligodiali, na kweli huzuia fangasi kukua.

Ila kipimo hicho hufanyika kwenye kisahani cha maabara. Mara nyingi gome lililosagwa huloweshwa kwenye alkoholi, si maji, kisha umajimaji wake hukaushwa hadi ukolee sana. Kikombe cha nyumbani hakifanani nao. Tena ukiinywa, dawa hupita tumboni na kwenye ini kabla ya kufika penye ugonjwa.

Virusi ni vigumu zaidi kupima, kwa kuwa huzaliana ndani ya chembe hai (seli) tu. Watafiti hulazimika kuhakikisha kwamba mti haukuziua chembe zenyewe. Ukiziua, virusi navyo vitatoweka, na mtu atadhani kapata tiba. Hata sabuni huharibu virusi vingi, lakini hainyweki.

Ukisikia mti "umethibitishwa", uliza: ulipimwa kwenye kisahani, kwa panya, au kwa watu? Waliopewa walilinganishwa na nani? Kwa dozi gani? Na kama tayari unakunywa mitishamba, mweleze mhudumu wa afya, hasa ukiwa mjamzito au unameza ARV, maana baadhi ya mimea huvuruga dawa za hospitali.