Je, wajua kwa nini njia ya baiskeli kando ya Canal du Midi haina milima?

Kusini mwa Ufaransa, kati ya kijiji cha Argens-Minervois na mji wa Béziers, kuna kipande cha mfereji chenye urefu wa kilomita 54 ambacho maji yake yako kimo kimoja mwanzo hadi mwisho. Njia iliyo kando yake nayo karibu yote ni hivyohivyo. Mwendesha baiskeli anapita mashamba ya mizabibu, anavizunguka vilima, anavuka vijito, na jioni yuko kimo kilekile alichoondokea asubuhi. Si kwamba nchi ya huko ni tambarare. Ukiiacha njia hiyo na kuingia mashambani, mara nyingi unaanza kupanda papo hapo. Tambarare ni njia peke yake, na waliochimba mfereji huo waliikamilisha kazi zaidi ya karne moja kabla ya baiskeli kubuniwa.

Mfereji wenyewe ni Canal du Midi. Mfalme Louis XIV alitoa amri ya kuuchimba mwaka 1666, na kazi ikashikwa na Pierre-Paul Riquet, mzaliwa wa Béziers aliyetajirika kwa kukusanya kodi ya chumvi. Lengo lilikuwa kuuunganisha mji wa Toulouse, ulio kwenye mto Garonne unaomwaga maji yake Atlantiki, na pwani ya Mediterania. Riquet alifariki mwaka 1680, na mfereji ukafunguliwa mwaka uliofuata. Una urefu wa kilomita 240, na tangu 1996 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Matishari ya wakati ule hayakuwa na injini. Yalikokotwa kwa kamba na farasi, nyumbu au watu waliotembea ukingoni, na njia waliyopita huitwa chemin de halage. Kamba hairuki kizuizi, kwa hiyo njia ilibidi iendelee bila kukatika. Mnyama anayevuta mzigo mzito namna ile hawezi pia kupanda kilima, kwa hiyo ilibidi njia ilale sambamba na maji. Hapo ndipo penye jibu: maji yaliyotulia hayana mteremko, na njia inayoyafuata haina pia. Kwenye baadhi ya madaraja ya zamani ya mifereji ya Ufaransa, shuka kwenye baiskeli upapase kona ya jiwe chini ya tao, upande wa njia. Utakuta mifuo laini, mingine inaingia kidole kizima. Kamba zilizolowa maji na kushika mchanga zilikuwa zikilisaga jiwe hilo kila tishari lilipopita.

Mito nayo ilikuwa na sheria yake. Amri ya mwaka 1669 iliwataka wenye mashamba kando ya mito ya usafiri waache wazi futi 24 za Kifaransa upande wa kukokotea na futi 10 upande wa pili. Sheria ya leo bado inataja mita 7.80 na mita 3.25, yaani vipimo vilevile vikiwa vimegeuzwa kuwa vya mita. Kwenye mifereji ardhi ya ukingoni ni ya dola, na inasimamiwa na shirika la Voies navigables de France, kwa kifupi VNF.

Sasa, kama maji hayashuki, mfereji unavukaje nchi yenye miinuko? Kimo chote hukusanywa mahali pamoja, kwenye lango la maji, ambalo kwenye vibao utaliona limeandikwa écluse. Ni chumba cha mawe chenye milango miwili mizito. Tishari linaingia, mlango wa nyuma unafungwa, maji yanajazwa au kupunguzwa, kisha mlango wa mbele unafunguliwa. Njia nayo hupanda pale pale, kwa kirampu kifupi kando ya chumba. Kutoka Toulouse, mita 132 juu ya usawa wa bahari, hadi kilele cha mfereji pale Seuil de Naurouze, mita 189, unapanda mita 57 tu katika kilomita zipatazo 50, na karibu zote unazipanda kwenye malango. Mpando mkali kuliko wote uko Fonserannes, Béziers, ambako vyumba vinane vilivyopangwa kama ngazi vinabeba tofauti ya kimo ya mita 21.5 katika urefu wa mita 300 hivi.

Virampu hivyo ni vifupi, lakini ndivyo vinavyokata cheni. Mtu amekaa kwenye gia moja nzito kwa nusu saa, anakutana na mpando, anakandamiza pedeli na kubadilisha gia kwa mkupuo mmoja. Cheni inaruka au inakatika. Ukiliona lango mbele yako, shuka gia mbili au tatu ukiwa bado kwenye tambarare.

Gharama ya njia kuwa tambarare ni urefu. Ili maji yabaki kimo kimoja, mfereji unakwenda ukizunguka kila kilima, na kile kipande cha kilomita 54 kingekuwa kifupi zaidi kama kingenyooka. Riquet alipofika kilima cha Ensérune, karibu na Colombiers, alitoboa mwamba. Handaki hilo la Malpas, lenye urefu wa mita 165 hivi, linapitisha maji. Wewe wa baiskeli unapanda juu ya kilima na kushuka upande wa pili. Ni mpando pekee wa maana katika kipande chote hicho.

Usidhani tambarare maana yake ni laini. Kutoka Toulouse hadi Port-Lauragais, kilomita zipatazo 50, njia ni ya lami. Baada ya hapo inakuwa changarawe, udongo na mizizi, na hali yake hubadilika mara kwa mara. Mizizi ni ya miti ya platani, ambayo mingi ilipandwa karne ya 19 ili ishike kingo na kuyatilia maji kivuli. Udongo wa njia umeshindiliwa kwa karne tatu na hauna hewa, basi mizizi hukaa juujuu na kukatiza njia kama matuta. Platani hizo zilikuwa zipatazo 42,000, hadi ugonjwa wa kuvu uitwao Ceratocystis platani ulipogunduliwa huko mwaka 2006. Kuvu hiyo haina dawa. Huhama kupitia mizizi inayogusana na kupitia maji na vyombo vinavyogonga kingo, na mti ulioambukizwa hukatwa na kuchomwa, pamoja na majirani zake. Makumi ya maelfu imeshakatwa na miti ya aina nyingine inapandwa mahali pake. Inauma kuona safu iliyosimama karibu karne mbili ikiwa visiki. Kwa msafiri wa Julai na Agosti maana yake ni jua kali kwa kilomita nyingi mfululizo, kwa hiyo beba maji lita mbili au tatu. Bomba la kujazia hupatikana mara nyingi kwenye makaburi ya kijiji. Soma kibao kwanza, kwani eau non potable ni maji yasiyofaa kunywa. Maduka ya vijijini hufungwa mchana, kuanzia saa sita hadi saa nane au zaidi.

Kwa njia ya namna hii, tairi ya inchi 2.1 hadi 2.25 inatosha. Tairi pana zenye meno makubwa za kushukia milimani zinakula nguvu bure kwenye lami. Mtu wa kilo 75 mwenye tairi zisizo na tyubu aanze na upepo wa psi 25 (kipimo kinachoandikwa kwenye pampu) mbele na 28 nyuma. Mwenye tyubu aongeze psi tano hadi nane, la sivyo mzizi utaibana tyubu kwenye ringi. Pancha hiyo inajulikana kwa matundu mawili madogo yaliyo bega kwa bega, na ukiyaona, kosa ni upepo mdogo, tairi yenyewe ni nzima. Pancha ya mwiba ina tundu moja. Hiyo huzidi vuli na kipupwe, wakulima wanapopogoa ua za mashamba na kuacha matawi ya prunellier njiani. Miiba yake ni migumu na mirefu. Kwenye tairi isiyo na tyubu yenye mililita 80 hadi 100 za dawa ya kuziba, uache mwiba ulipo kama hauvujishi, uung'oe ukifika. Kwenye tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi yote kabla ya kuweka tyubu mpya, maana ncha iliyobaki itaitoboa nayo.

Kosa baya zaidi ni kuendesha ukingoni. Majani hufunika mahali ambapo udongo umeshaliwa na mawimbi ya mashua au umechimbwa na ragondin, mnyama mkubwa jamii ya panya aliyeletwa kutoka Amerika Kusini, ambaye mashimo yake huacha ukingo ukiwa mtupu kwa chini. Gurudumu likiingia hapo unatumbukia majini. Pita katikati, piga kengele mapema, na wapishe waendao kwa miguu kwa upande usio wa maji.

Anayetaka njia za milimani hasa, haimlazimu kuuacha mfereji huu, aufuate unakotoka. Kilele cha Naurouze hakina mto wa kukijaza, basi Riquet alileta maji kutoka safu ya Montagne Noire kwa vijifereji viitwavyo rigoles, na kuyahifadhi katika bwawa la Saint-Ferréol lililojengwa kati ya 1667 na 1672. Rigole de la Montagne inaanzia kijito cha Alzeau, zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, ikipita msituni hadi Les Cammazes, ambako maji yanaingia katika handaki la Voûte de Vauban. Kutoka hapo unashuka kwa nguvu hadi Saint-Ferréol, kisha unaifuata Rigole de la Plaine hadi Naurouze. Kwangu hii ndiyo njia bora kuliko zote za eneo hilo: karibu kilomita 60, unateremka na maji, kwanza kwenye njia nyembamba ya msituni yenye majani yaliyolowa na mizizi inayoteleza, kisha kwenye uwanda wa mashamba. Hapa shusha psi mbili au tatu.

Huko msituni soma alama vizuri. Njia rasmi za baiskeli za milimani, ambazo Wafaransa huziita VTT, zina alama ya pembetatu na duara mbili. Rangi ya namba ya njia inaonyesha ugumu: kijani ni rahisi, kisha buluu, nyekundu na nyeusi. Mistari myeupe na myekundu, au wa njano peke yake, ni ya waendao kwa miguu na inaweza kukupeleka kwenye ngazi za mawe. Kuanzia Septemba hadi mwisho wa Februari ni msimu wa kuwinda. Ukikuta kibao cha chasse en cours, yaani uwindaji unaendelea, geuza, na siku zote hizo vaa rangi inayong'aa.

Kwenye mfereji adui mkubwa ni upepo. Bonde la Lauragais, ambamo mfereji unapita, limebanwa kati ya Montagne Noire na vilima vya kusini, na upepo wa Autan hulipita kutoka kusini mashariki, au Cers kutoka magharibi. Angalia utabiri kabla ya kuamua uanzie upande upi. Tena, pasipo mteremko hakuna pa kuacha kukanyaga, kwa hiyo makalio na viganja huuma kuliko milimani. Funga shokapu ya mbele, tumia gia nyepesi, na kila baada ya dakika kumi simama kwenye pedeli kwa mizunguko ishirini.

Novemba hadi Machi mfereji hufungwa kwa matengenezo, baadhi ya vipande hukaushwa, na malori ya kazi huharibu njia; matangazo hutolewa na VNF. Miezi mizuri ni Mei, Juni na Septemba. Kwa kile kipande cha kilomita 54, panda treni ya TER hadi Lézignan-Corbières, endesha chini ya kilomita kumi hadi Argens, na ukimaliza Fonserannes, kituo cha treni cha Béziers kiko karibu.